Tupeane uzoefu: Kununua pedi, shuu na diski za breki za gari dogo hapa Tanga

FundiMikanjuni
Wakuu, habari za saa hizi. Mtu anaingia duka la spea Ngamiani anasema "nipe pedi za IST", anatoka na boksi ambalo gereji halikai. Tuwekane sawa hapa. Mwenye ujuzi ashushe vitu vyenyewe: namba, vipimo, kinachoharibika na sababu yake.

Naanza na namba. Jina la gari peke yake halitoshi. Toyota IST ya toleo la kwanza ya cc 1300 ni NCP60, ya cc 1500 ni NCP61, na ile ya 4WD ni NCP65. Toyota Passo ya toleo la kwanza ya cc 1000 ni KGC10, ya cc 1300 ni QNC10. Piga picha kile kibati cha chesisi, nenda nayo dukani. Kwa spea za Toyota, tarakimu 5 za mwanzo zinakuambia ni kifaa gani: 04465 ni pedi za mbele, 04466 pedi za nyuma, 04495 shuu (zinazotanuka ndani ya dramu, yaani ngoma ya breki ya nyuma), 43512 diski ya mbele. Tarakimu 5 zinazofuata ndizo zinazotenganisha gari na gari. Muuzaji akikuonyesha 04465 akasema "ni hii hii", soma mpaka mwisho.

Mdau_Mabawa
Naongezea kwa Mkuu hapo juu. Ukiweza, beba na pedi kuukuu. Zilaze mgongo kwa mgongo na mpya palepale kaunta. Angalia masikio ya bati yanayoingia kwenye bracketi (chuma kinachoshikilia pedi): yakizidi hata kidogo, fundi atayapiga msasa, na ukiondoka hapo pedi itakuwa inacheza na kugonga. Angalia pia kile kibati kidogo cha kupiga kelele pedi ikikaribia kuisha. Toyota ndogo nyingi kinakaa pedi ya ndani. Boksi ni pedi 4, za magurudumu mawili, na zinafungwa zote kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja tu, gari litavuta ukikanyaga.

Kuhusu feki: kwaruza kingo ya pedi kwa ukucha. Ikimomonyoka kama chaki, au ukaona mwanya kati ya pedi na bati, rudisha.

Usambara_Down
Jambo ambalo wengi hawalitazami ni herufi mbili zilizochapwa mgongoni au ubavuni mwa pedi. Ya kwanza ni mshiko ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni mshiko ikishachemka. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo FF inabaki ilivyo ikipata moto, FE inashuka. Kwa mtu anayezunguka mjini, Raskazone na kurudi, FE itamtosha. Kwa anayeshuka Lushoto kuja Mombo na abiria wanne na mizigo, hapana. Kona zile hazikupi nafasi ya kupoza breki, pedal inabaki ngumu lakini gari halikamati. FF ndiyo ya kuanzia, na ushuke na gia ndogo.

Pedal ikilainika na kuzama wakati wa kushuka, hiyo ni habari nyingine: mafuta ya breki yamechemka. Mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. DOT 3 (daraja la mafuta ya breki, limeandikwa kwenye chupa) mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, ila ikishavuta maji kiwango chake ni nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Badilisha kila miaka 2, na chupa iliyofunguliwa muda mrefu usiitumie.

BintiChumbageni
Mkuu Usambara, gari lina DOT 3, naweza kuongezea DOT 4?

Usambara_Down
Unaweza dada, zote ni za glaikoli. DOT 5.1 pia inaingia. Usiguse DOT 5 yenyewe, hiyo ni silikoni. Na mtu asikuwekee mafuta ya stelingi wala ya injini hata tone moja, mipira yote itavimba, kuanzia masta silinda (pampu inayosukumwa na pedal) mpaka kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Hapo hakuna kusafisha, ni kubadilisha mipira yote.

Pongwe_Gereji
Mimi ninalolililia ni pini za kalipa. Kwa magari yanayolala karibu na bahari hapa kwetu, pedi nyingi "zilizoisha mapema" hazikuwa mbovu. Chumvi inaingia kupitia kimpira kilichochanika, pini inashika kutu, kalipa haitelezi tena. Dalili yake huoni kwa nje: pedi ya ndani imebaki bati, ya nje bado nene. Ukiona hivyo ukafunga pedi mpya tu, nazo zitaisha vilevile.

Fungua bolti za kalipa, nyingi ni spana ya 14. Ining'inize kwa waya, isining'inie kwenye hosi. Chomoa pini zote mbili. Pini nzuri inatoka na kuingia kwa vidole. Yenye kutu isugue kwa msasa laini, ikiwa imeliwa mashimo nunua mpya. Paka grisi ya silikoni ya breki, kidogo tu. Grisi ya beringi inavimbisha mpira na pini inakwama upya. Fungua kizibo cha chupa ya mafuta ya breki kabla ya kurudisha pistoni, uangalie yasifurike, maana yanababua rangi ya gari. Pistoni ikirudi kwa kulazimisha, mpira wake au pistoni yenyewe ina kutu. Nunua repea kiti (seti ya mipira ya kukarabatia kalipa), kwa Toyota ya mbele inaanza na 04478.

Ukimaliza, kanyaga pedal mara kadhaa mpaka iwe ngumu KABLA ya kuondoa gari. Tafadhali msilisahau hili. Kanyago la kwanza baada ya pedi mpya huwa linakwenda mpaka chini.

FundiMikanjuni
Diski: kiwango cha chini kimechapwa kwenye diski yenyewe, MIN TH. Pima kwa maikromita au venia katikati ya njia ya pedi, usipime kwenye ukingo wenye kutu. Kama kuchonga kutaishusha chini ya namba hiyo, nunua mpya, zote mbili. Diski mpya ioshe mafuta yake ya kuzuia kutu, na kabla ya kuifunga sugua habu (kitovu cha gurudumu diski inapokaa) kwa brashi ya waya. Kigamba cha kutu hapo kinapindisha diski, na usukani utatetemeka ukifunga breki ingawa umenunua kitu kipya.

Mdau_Mabawa
Nyuma kwenye dramu: ikigoma kutoka usiipige nyundo. Ina matundu mawili ya bolti M8, kaza zote kwa zamu, itajisukuma. Achia handbreki kwanza. Vumbi usilipulize kwa kompresa, lowesha maji, shuu za zamani nyingine zina asbesto. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, mwingine ubaki kama picha yako ya spring. Kirekebishi (skrubu ya kutanua shuu) cha kulia na cha kushoto nyuzi zake za skrubu zinapingana, ukivibadilisha pande vitajilegeza. Chungulia vimpira vya wili silinda (silinda ndogo inayosukuma shuu): kukiwa na unyevu wa mafuta, badilisha silinda kabla ya kufunga shuu mpya, kwa sababu shuu iliyolowa mafuta haikaushiki. Kipenyo cha mwisho cha dramu kimeandikwa ndani, MAX.

Kaza shuu mpaka dramu iguse kidogo ukiizungusha kwa mkono, ndipo urekebishe kebo ya handbreki. Ukianza na kebo, shuu zitabaki mbali na pedal itakuwa ndefu.