Mrejesho: Video za zamani sasa ziko WebM

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kugeuza video za harusi ya dada (AVI kutoka kanda, na 3GP za simu ya kitochi) ziwe katika fomati huria isiyodai mrabaha, yaani WebM. Nimemfuata aliyenielekeza FFmpeg (programu ya kugeuza video kwa kuandika amri), na mifumo ya kubana VP9 kwa picha, Opus kwa sauti. Amri niliyotumia:

ffmpeg -i harusi.avi -vf yadif -c:v libvpx-vp9 -crf 30 -b:v 0 -row-mt 1 -c:a libopus harusi.webm

Hiyo yadif (kichujio cha kuondoa mistari ya picha) msiiache kama video ilitoka kwenye kanda. Mara ya kwanza sikuiweka, na kila shangazi akipunga khanga mkono wake unachanika mistari kama meno ya kitana. Nilipoiweka, mistari ikaisha. Kasi sasa! Laptopu yangu ilikesha usiku mzima kwa faili moja.

Za 3GP zimegeuka, ila ukungu ni uleule. Na televisheni ya mama, ya zamani, imegoma kabisa kufungua WebM. Anatazamia kwenye simu. Faili za mwanzo sijazifuta, kama mlivyonionya. Asanteni sana, hasa kwa kunivumilia.