"Overmorrow" ni Kiingereza halali au nilidanganywa?

Mwongozaji_Machame (Moshi)
Wakuu, habari. Naongoza wageni mlima Kilimanjaro, huu mwaka wa tisa. Kila jioni kwenye hema la chakula nasema "the day after tomorrow", yaani kesho kutwa, mpaka nachoka. Mgeni mmoja Mjerumani akanifundisha neno moja la kusema hivyo, "overmorrow". Nikalipenda. Juzijuzi, tuko kambi ya kwanza, Machame, nikawaambia wageni kambi zinazofuata: kesho Shira, overmorrow Barranco. Mama mmoja Mwingereza akaweka kijiko chini, hakumaliza supu. Asubuhi ndipo akaniambia alisikia "over tomorrow", yaani safari inaisha kesho. Hakulala. Limeniuma, maana mgeni asipolala siku ya kwanza mlima unamwonea.

Hilo neno lipo kweli? Na "over" ninayoijua mimi ni ya kuzidi, kama mzigo wa mpagazi ukipita kilo 20 kwenye mizani ya getini. Hapo kesho imezidi nini?

Mwl_Ngarenaro (Arusha)
Lipo, kaka, hukudanganywa. Limo kwenye Biblia ya Kiingereza ya Coverdale ya 1535, kitabu cha Tobiti: Tobia anamwamsha Sara waombe leo, kesho na overmorrow. Hiyo "over" si ya kuzidi, ni ya kuvuka. Ni siku iliyo ng'ambo ya kesho. Wajerumani mpaka leo wanasema "übermorgen", kiambishi kilekile, ndiyo maana mgeni wako analiona la kawaida. Waingereza waliliacha likafa. Mama wa watu hakuwa na kosa, na mlimani usilitumie tena, tafadhali.

BintiMangi
Sisi tumejaliwa zaidi. Ukiwa Machame leo: kesho Shira, kesho kutwa Barranco, mtondo Karanga, mtondogoo Barafu. Njia nzima mpaka kambi ya mwisho, neno moja kila usiku.

Mwongozaji_Machame (Moshi)
BintiMangi, mtondogoo nilikuwa nalisikia kwa bibi tu, sikujua ni siku ya ngapi. Asanteni sana. Kuanzia sasa nataja jina la siku, mfano: Jumatano Shira, Alhamisi Barranco. Yule mama alifika Stella Point, kule juu kwenye ukingo wa kreta, nikamshika mkono kwenye mawe ya mwisho. Jumamosi napandisha kundi lingine, na hayo maneno manne ya BintiMangi nitawaandikia kwenye karatasi ya ratiba.