Grini mbili zimekuwa ngumu kama sakafu, na mvua ya Machi iko njiani

Kibarua Mkuu
Salaam wadau. Nasimamia vibarua kwenye uwanja mdogo wa gofu wa mashimo tisa huku mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka. Tangu Krismasi hatujaona mvua ya maana. Grini (zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo la mpira) ya 4 na ya 7 zimekauka hadi mpira ukitua unaruka kichakani, na katikati kuna kipara cha ukubwa wa mkeka. Kila jioni nanyunyizia dakika kumi kumi, lakini maji yanateleza juu na kwenda pembeni. Huko pembeni nyasi zinanawiri, katikati hola.

Nahodha wa klabu anasema nimwage mbolea ya yuria, na nisifunge grini hata moja kwa sababu Mei kuna shindano. Mashine ya kukata nyasi tunayo moja ya silinda, ya kurithi, nakata milimita nne. Ya kutobolea udongo hatuna, wala pesa yake haipo. Nifanyeje?

Mzee wa Silinda
Yuria usiiguse. Nyasi zenye kiu utaziunguza. Kwanza nijibu: hicho kipara kiko pale pale unapoweka shimo? Na shimo unalihamisha mara ngapi?

Halafu chukua kisu kirefu, ukate kabari ya udongo kama unavyokata tikiti. Tazama mizizi inaishia wapi. Kisha inuse. Usicheke, inuse.

Mtoto wa Jinja
Shukuru huna viboko, ssebo. Kwetu zamani walipanda kutoka majini usiku, hadi ikawekwa sheria ya uwanja: mpira ukiingia kwenye wayo wa kiboko, unauokota na kuudondosha bila adhabu.

Kibarua Mkuu
Shikamoo mzee. Umenishika pabaya. Kile chuma cha kukatia shimo ni butu, kwa hiyo tunahamisha Jumamosi tu, tena hapo hapo katikati palipo tambarare, maana wanachama wakiona mteremko wananung'unika.

Nimekata kabari. Chini ya majani kuna tabaka la kahawia la nyasi zilizokufa, linabonyea kama sponji, unene wa kidole. Mizizi imeishia humo. Chini yake udongo umeshikana kama tofali. Pembeni panapotuama maji kuna mstari mweusi, na kweli unanuka yai viza.

Mzee wa Silinda
Marahaba. Basi jua unalisingizia. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108 tu, lakini watu wanne na makedi wao, wale wabeba mifuko, wanalizunguka, na kwa kuwa mna mashimo tisa, anayecheza raundi kamili ya mashimo kumi na nane anaikanyaga grini ile ile mara mbili. Wiki nzima mahali pamoja! Hata ng'ombe huhamishwa malisho. Ule mstari mweusi ni udongo uliokosa hewa. Maji ya kila jioni yanauzidishia, na majani yanalala na umande wa bure, fangasi wanashangilia.

Mashine si lazima. Tafuta uma za bustani nne na vijana wanne. Chomeka wima, sentimita nane hadi kumi kwenda chini, tikisa kidogo, chomoa, sogea upana wa vidole vitatu, rudia. Usibenue, utapasua uso wa grini. Kama udongo ni tofali, uloweshe polepole siku moja kabla. Kisha mwaga mchanga mkavu, uufagie uingie kwenye matundu. Mchanga wa kupigia plasta sitaki kuusikia. Tia konzi moja kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Maji yakibaki tope, mrudishie mwenye lori.

Fanya hivyo mvua zikianza tu, nyasi zikiwa na nguvu ya kupona. Kwa sasa pandisha mashine hadi milimita sita na umwagilie alfajiri, siku moja ndiyo, moja hapana, kwa awamu mbili ili maji yazame. Kipara kizibe kwa vipande vya nyasi kutoka ukingoni mwa grini.

Na hiyo silinda ya urithi: pitisha ukanda wa gazeti kwenye bleidi, uizungushe kwa mkono, taratibu, vidole mbali. Inapaswa kukata safi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikitafuna karatasi, ujue inatafuna na majani.

Kibarua Mkuu
Gazeti imelitafuna, mzee. Nimeipeleka kwa fundi, pamoja na kile chuma cha shimo.

Kibarua Mkuu
Mrejesho. Mvua ilishuka Jumapili, Jumanne tukaingia na uma kwenye ya 7. Nahodha alikuja amefura, nikampa uma yake. Alitoboa mistari mitatu, jasho likamtoka, akauliza grini ya muda nitaiweka upande gani. Ya 4 bado amekataa isifungwe.

Mzee wa Silinda
Mkatie kabari ya ya 4, umpelekee ofisini anuse.