Baba mkubwa, mguu bandia na usingizi wa usiku: tuanzie wapi? (Moshi)

Kibosho_Juu

Wakuu habari za leo, na wazee wote shikamooni.

Naomba ushauri wa wenye ujuzi kuhusu baba mkubwa. Ana miaka 69, yuko Kibosho. Alikwenda vita vya Kagera mwishoni mwa 1978 akiwa mgambo, akakanyaga bomu la ardhini, mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Mguu bandia anaovaa sasa ni wa plastiki na una miaka 9. Hali ilivyo:

- Kigutu kimechubuka kwa mbele, pale mfupa wa muundi unapoishia. Kidonda ni kama sarafu ya shilingi 50 na hii ni wiki ya tano hakifungi. Anavaa soksi nne kwa mpigo, bado mguu unacheza na kutoa mlio kila akinyanyua hatua.
- Usiku vidole vya mguu usiokuwepo vinamuuma. Anasema vimejikunja kama ngumi na havikunjuki.
- Kati ya saa 8 na saa 9 usiku anashtuka na kupiga kelele. Mara mbili amemrushia mama mkubwa mkono bila kujijua. Mvua ikipiga bati au parachichi likidondoka juu ya paa ndiyo balaa. Jioni anakunywa mbege, siku nyingine gongo, anasema bila hivyo halali.
- Sikio la kulia ni zito, na ana vipande vya chuma pajani. Sasa daktari amemwandikia MRI (picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku) ya mgongo.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mmoja anasema ni uzee, mwingine anasema aombewe. Tuanzie wapi?

---

Fundi_Soketi

Mkuu, anzeni na kidonda, na muanze leo. Mguu bandia avue kabisa, atembelee magongo mpaka ngozi ifunge. Najua ni mzee na Kibosho ni milima, lakini kidonda kinachobanwa kila siku hakiponi hata mkipaka nini. Kioshwe mara moja kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita 1 na vijiko vidogo viwili vya chumvi, kisha kifunikwe kwa gozi safi (kitambaa chepesi cha kufungia kidonda). Spiriti isiguse pale, inaunguza ngozi changa inayojaribu kuota. Na wiki tano ni nyingi: apimwe sukari, na kituo cha afya wakiangalie. Mfupa ukionekana, usaha ukitoka au homa ikipanda, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa kwa nini kimechubuka. Kigutu husinyaa kadiri miaka inavyokwenda, nyama inaisha, soketi (kile kikombe cha mguu bandia kinachoingia kigutu) inabaki na ukubwa ule ule wa siku ilipotengenezwa. Kwa mguu wa chini ya goti, uzito unatakiwa ubebwe na ule mshipa mgumu ulio chini ya kifuniko cha goti, pamoja na nyama za pembeni. Soketi ikilegea, kigutu kinazama ndani na uzito unahamia kwenye ncha ya mfupa. Ule mlio mnaousikia ni kigutu kinapanda na kushuka kama pistoni. Kuongeza soksi kunasaidia mwanzoni tu, kwa sababu soksi inaongeza unene kila mahali, hata pale mbele ambapo mfupa unahitaji nafasi. Akifika soksi nne nene, soketi hiyo haina kazi tena. Msiikwangue kwa kisu wala msijaze sponji ya godoro.

Pa kwenda mnapo karibu sana. Ndani ya eneo la hospitali ya KCMC kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, na karakana ipo hapo hapo. Siku ya kwenda chukueni mguu wa zamani hata kama umechakaa, maana fundi atasoma mahali soketi ilipochubuka ndani. Chukueni soksi zote, avae kaptula, na jozi ya viatu atakavyovaa kila siku. Hapo kwenye viatu watu wengi wanakosea. Wayo wa bandia hupangwa kwa urefu wa kisigino fulani. Akipimwa na buti halafu nyumbani avae kandambili, goti linasukumwa nyuma kila hatua. Akipandisha kisigino, goti linakunjika mbele na anaanguka.

Watampima kwa bandeji ya plasta, kisha atarudi kujaribisha, kisha atafundishwa kutembea katikati ya vyuma viwili. Msimharakishe hapo katikati. Siku ya kwanza avae dakika 15 hadi 30, avue, mkague ngozi. Wekundu unaofutika ndani ya dakika 10 ni wa kawaida. Ukiwa bado upo baada ya nusu saa, soketi inabana pabaya, rudini ikarekebishwe.

Utunzaji: kigutu kioshwe jioni, si asubuhi, kwa sababu ngozi iliyolowa inavimba na kung'ang'ania soketi. Sabuni ya kawaida, suuza yote, kausha. Mafuta apake usiku tu. Poda asitumie, ikichanganyika na jasho inaganda vipunje vinavyokwaruza. Soksi zifuliwe kila siku, na zisiwe na mshono unaokaa juu ya mfupa. Kila jioni aangalie ncha ya kigutu kwa kioo kidogo.

Mambo mawili ya huku kwetu. Mwezi wa saba baridi ikikaza watu wanakaa jikoni motoni, na mguu unaegeshwa karibu na mafiga. Plastiki hiyo hulainishwa kwa joto ndipo ikafinyangwa, na sponji ya ndani hujikunja kabla plastiki haijaguswa. Ukilowa, anikeni kivulini. Na masika kwenye njia za utelezi: kupanda anatanguliza mguu mzima, kushuka anatanguliza bandia.

Wakati huu hajavaa mguu, msimwekee mto chini ya goti. Anapata nafuu ya usiku mmoja, halafu goti linakaza likiwa limekunjwa na mguu mpya hautamkaa.

---

Kibosho_Juu

Asante sana mkuu. Mto ndio huo anaulalia kila siku, nitautoa. Bandeji ya kuvutika je? Kigutu kinavimba jioni tangu tulipomvua jana.

---

Fundi_Soketi

Ndiyo, kidonda kikishafunikwa. Bandeji ya kuvutika ya upana wa sentimita 10. Ifungwe kwa mshazari, kama namba 8, ikaze zaidi kwenye ncha na ilegee kuelekea juu, ivuke goti. Msiizungushe kama pete. Pete inakaba, ncha inavimba na kugeuka zambarau. Ifunguliwe na kufungwa upya kila baada ya saa 4 hivi. Ikimuuma au ganzi ikiingia, fungua. Akikutwa na kisukari au mishipa ya damu imeziba, daktari aseme kwanza kama afungwe.

---

Muuguzi_AfyaYaAkili

Dada au kaka mwenye uzi, pole sana kwa mama mkubwa pia, naye ameishi na vita hivi.

Kwanza kwa wale wa nyumbani. Huu si uzee na si mapepo. Ni kiwewe cha vita, ugonjwa unaofahamika. Uliingizwa rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya maelfu ya askari kurudi kutoka Vietnam na dalili hizi hizi. Mwili umejifunza kwamba mlio wa ghafla ni kifo, na haujafundishwa kwamba vita viliisha 1979. Mara nyingi dalili hukolea uzeeni, shamba na kazi vikipungua na mtu akabaki na muda mrefu wa kukaa kimya. Maombi yaendelee kama yanampa faraja, ila yasichukue nafasi ya kliniki.

Anaposhtuka, asishikwe wala kutikiswa. Mkono anaourusha haumlengi mama mkubwa, unamlenga mtu aliye kwenye ndoto. Mama atoke kitandani, asimame upande wa miguuni, mbali na mkono unapoweza kufika. Awashe taa. Amwite kwa jina analolijua tangu utotoni, kwa sauti ya kawaida, amwambie alipo: uko Kibosho, uko nyumbani, mimi ni fulani. Arudie mpaka macho yamtambue. Maji ya kunywa baadaye. Asimuulize ameota nini usiku huo. Kwa sasa walale vitanda viwili chumba kimoja, na panga lisikae chini ya godoro wala nyuma ya mlango.

Parachichi ni jambo la kushughulikia kweli. Kateni matawi yote yaliyo juu ya paa la chumba chake. Chumba kiwekwe dari, hata ya mbao nyembamba, mlio wa mvua kwenye bati unapungua sana. Kama hamuwezi sasa, mhamishieni chumba chenye dari. Na mwezi wa 12, watu wote wakirudi mlimani na fataki zikianza, aambiwe mapema saa na mahali. Mlio anaoutarajia haumpati kama ule wa kushtukiza.

Pombe. Inamlaza haraka, lakini ikianza kuisha mwilini usingizi unapasuka na ndoto zinarudi kwa nguvu. Angalia saa ulizoandika: amekunywa jioni, anashtuka saa 8. Hata hivyo msimnyang'anye ghafla. Anayekunywa kila siku akikatishwa anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa, kwa kawaida kati ya saa 6 na siku 3 baada ya glasi ya mwisho. Apunguziwe kwa usimamizi wa daktari, gongo ikitangulia kutoka. Mikono ikitetemeka asubuhi kabla hajanywa, mwambieni daktari hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Kliniki ya afya ya akili ipo hospitali za Mawenzi na KCMC. Dawa inayotumika sana ni sertralini. Kwa mzee huanzwa kidogo, miligramu 25, na huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kusema inafanya kazi au haifanyi. Familia nyingi huacha wiki ya pili. Valiamu za dukani msimpe: hazitibu kiwewe, zinazoeleka, zikikutana na gongo zinaweza kuzima pumzi, na mzee wa mguu mmoja akiamka amelewa usingizi anavunja nyonga.

Kwa ndoto inayojirudia kuna zoezi la mchana. Anaisimulia ndoto kwa kifupi, kisha anachagua mwisho mwingine, wowote anaoutaka yeye, halafu anauona akilini dakika 10 hadi 20 kila siku akiwa ametulia. Aanze na ndoto nyepesi, asianze na ile ya bomu. Ni vizuri zaidi mshauri akiwepo mara za kwanza.

Jingine, nalisema wazi. Muulizeni mkiwa wawili tu kama hufikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Dawa za kupulizia kahawa zifungiwe stoo, ufunguo akae nao mtu mwingine. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, mpelekeni siku hiyo hiyo.

---

Mazoezi_Tiba

Naongeza kuhusu vidole vilivyokunjwa, maana hapo kioo kinaweza kusaidia. Tafuteni kioo kirefu, kama cha mlango wa kabati, chenye urefu wa kuonyesha mguu mzima kuanzia goti hadi vidole. Akae kitandani miguu imenyooka, kioo kisimame katikati ya mapaja, uso wa kioo utazame mguu wa kulia. Kigutu kifichwe nyuma ya kioo. Mguu wa kulia uwe peku. Atazame ndani ya kioo tu. Ataona kana kwamba wa kushoto upo. Akunje vidole taratibu, kisha akunjue taratibu zaidi, huku akijaribu kufanya hivyo hivyo na ule usiokuwepo. Dakika 15 kila siku. Utafiti wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Marekani, uliochapishwa 2007, ulitumia dakika hizo hizo kwa wiki 4, na waliotumia kioo walipata nafuu.

Kinachoharibu: kioo kidogo kinachoonyesha nusu mguu, haraka, na watoto kupita pita mlangoni. Siku za kwanza wengine hulia au hupata kizunguzungu. Funikeni kioo kwa khanga, apumzike, mjaribu kesho. Mvisheni pia soksi ya sufu kwenye kigutu usiku, baridi huchochea maumivu haya.

Daktari akiongeza amitriptilini (dawa ya maumivu ya neva), kwa mwanaume wa miaka 69 aulizwe kwanza kuhusu mkojo na moyo, na mjue kama amepewa sertralini. Madaktari wawili wasiandike bila kujuana. Na maumivu yakiwa kama shoti ya umeme mahali pamoja ukipagonga kwa kidole, hicho huwa ni kinundu cha neva. Kioo hakikiwezi, fundi anaweza kuchimba nafasi kwenye soketi mpya.

---

Picha_za_Mionzi

MRI: kabla ya kuingia chumba kile, semeni kuhusu vipande vya chuma, mapokezi na tena kwa mtaalamu wa mashine. Sumaku inaweza kukivuta au kukipasha moto kipande cha chuma cha bomu. Omba X-ray ya paja kwanza, na ya macho, kwa sababu aliyelipukiwa kutoka chini huweza kuwa na kipande usoni asichokijua. Picha za zamani nendeni nazo. Mara nyingi daktari anaweza kubadili iwe CT (picha ya mionzi, haina sumaku). Kipande kilichotulia miaka 40 na zaidi kwa kawaida huachwa. Kinachotolewa ni kile kinachouma, kinachotoa usaha au kilicho ndani ya kiungo.

Sikio: aangaliwe nta kwanza, kisha apimwe usikivu. Mlipuko huharibu zaidi sauti nyembamba, kwa hiyo anasikia kwamba mnaongea lakini hashiki maneno, na kupiga kelele hakusaidii. Mtu wa sikio moja pia hajui sauti imetoka wapi. Mkimjia kutoka kulia mnamshtua kila mara. Mjieni kutoka kushoto, mbele yake, mkiwa kwenye mwanga.

---

Kibosho_Juu

Nimewasoma wote, na mama mkubwa nimemsomea. Swali la mwisho: gharama ya mguu. Bima hana.

---

Muuguzi_AfyaYaAkili

Pitieni kwa afisa ustawi wa jamii hapo hapo hospitali kabla ya kupimwa, si baada ya kupewa bili. Mpeleke kitambulisho cha taifa, barua ya mtendaji wa kata inayosema umri na hali ya kipato, na karatasi yoyote ya vitani au ya hospitali aliyokatiwa mguu, hata ikiwa imechanika. Toeni nakala tatu, ya asili isitoke mkononi mwenu. Fikeni saa 1 asubuhi, mkiwa na magongo, na mguu wa zamani ndani ya mfuko.

---

Kibosho_Juu

Jumatatu tunashuka. Mti wa parachichi tunaukata matawi Jumamosi.

---

Fundi_Soketi

Mwambieni mzee mapema siku ya kukata. Na mashine ya kukatia mbao ikianza kulia, awe ameshapelekwa kwa jirani.