Jukwaa au televisheni: mwongozaji aanzie wapi hapa Mwanza?

Ngosha_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo, nimerudi nyumbani. Nataka kuwa mwongozaji wa tamthilia. Kikundi cha maigizo mtaani kinataka niwasimamie, malipo ni nauli tu. Studio moja ya televisheni nayo inatafuta msaidizi, mshahara upo ila kiduchu. Niende wapi?

Kamera_Tatu
Studio, dogo. Kipindi kikiwa mubashara mwongozaji anakaa chumba cha nyuma, mbele yake picha za kamera zote, anawasemesha wapiga picha masikioni: "Mbili jiandae… mbili!" Picha imeshabadilika kabla mtazamaji hajapepesa. Hiyo kwenye kikundi huipati ng'o. Na Star TV iko hapahapa Mwanza, si lazima ukapange chumba Dar.

MamaBulabo
Kamera, hapo umemfundisha kubadili picha. Kumwongoza mwigizaji atafundishwa na nani? Tamthilia inapigwa sini nyingi kwa siku, hakuna muda wa kubembelezana. Aliyepitia jukwaani anamnong'oneza mwigizaji neno moja, sini inakaa.
Halafu mwanangu, Juni nenda Bujora kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Usiwaangalie wachezaji, angalia umati. Upande mmoja ukitoa chatu, utaona watu wanavyouhama ule mwingine, watoto kwanza. Darasa la namna hiyo halina ada.

Kamera_Tatu
Chatu halipi kodi ya nyumba, mama 😂

Msukuma_wa_Dar
Wanunuzi wakubwa wa tamthilia, Azam na DStv, ofisi zao ziko huku Dar, kwa hiyo safari utazifanya tu. Ila msiidharau Mwanza kwa lokesheni: mawe, mialo, ziwa. Piga asubuhi. Mchana upepo wa ziwani ukianza, sauti yote inakuwa fuuu. Kibali cha Bodi ya Filamu usisahau.

Mzee_Skripti
Mbona mnamchagulisha? Ingmar Bergman, mwongozaji wa sinema wa Uswidi, alikabidhiwa ukumbi wa maigizo wa Helsingborg mwaka 1944, na kuanzia 1963 hadi 1966 alikuwa mkuu wa Dramaten, ukumbi wa maigizo wa taifa kule Stockholm. Sinema alizipiga zaidi majira ya joto, kumbi zikiwa zimefungwa, na waigizaji wake wa jukwaani ndio haohao aliowasimamisha mbele ya kamera. Baadaye akaongoza hadi tamthilia za televisheni. Huyu kijana achukue mshahara, kikundi akishike jioni. Siku akipewa tamthilia, waigizaji anao tayari.

Ngosha_Kirumba
Shikamoo mzee. Kikundi kinafanya mazoezi kuanzia saa kumi na moja jioni, hapo naona inawezekana.

Kamera_Tatu
Uliza zamu kabla hujasaini. Wakikupanga taarifa ya habari ya saa mbili usiku, hayo mazoezi utayasikia kwa simu.