MREJESHO: King'amuzi kuganda, kumbe ni waya

Wakuu nimerudi, mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini king'amuzi cha antena kinaganda wakati antena mpya na iko juu ya paa. Asanteni sana aisee.

Mkuu aliyesema nisome maandishi kwenye ganda la waya, ubarikiwe, nikakuta RG58, yaani aina ya waya wa ohm 50 (kipimo cha ukinzani wa waya kwa signo), ule wa redio za mawasiliano, wakati TV inataka ohm 75, na kwa mita 30 unakula signo vibaya mno. Nikaweka RG6, ule wa TV wa ohm 75. Koneka ya juu nilipoikata shaba ilikuwa imeshaota kijani kwa maji ya mvua, nikafunga mpya nikaizungushia tepu na kuacha waya ulegee kidogo chini yake ili maji yadondokee hapo.

Signo ilikuwa 38% sasa 71%, haigandi tena.

Ila TV ya chumbani bado, nikiweka splita (kifaa cha kugawa signo kwa TV mbili) inaanza kusuasua maana kila upande unapata nusu tu, nimeitoa kwanza, watoto wamenuna. Ile busta (kifaa cha kukuza signo) sijanunua, aliyeniambia nianze na waya alikuwa sahihi.