Jua likipungua tungamo, obiti ya Dunia hubadilikaje?

Swali
Wanajukwaa, salaam. Jua hupoteza tani zaidi ya milioni 4 kila sekunde kwa njia ya mwanga peke yake. Nilipoipanua sheria ya pili ya Newton (kani ni kiwango cha kubadilika kwa momenta, yaani tungamo mara kasi) ili tungamo, yaani kiasi cha mata, nalo libadilike, nilipata sehemu ya ziada: kasi mara kiwango cha kupungua kwa tungamo. Sehemu hiyo inaiongezea kasi hata nyota iliyo peke yake angani, jambo ambalo haliniingii akilini. Nimekosea wapi, na Dunia nayo itaelekea wapi?

Jibu la kwanza
Ndugu, shaka yako ni ya haki. Mtu anayesafiri sambamba na nyota hiyo huiona imetulia, kwa hiyo kwake sehemu yako ya ziada ni sifuri. Na kani haiwezi kuwepo kwa mtazamaji mmoja ikakosekana kwa mwingine ilhali wote wanakwenda kwa mwendo usiobadilika. Ulichosahau ni momenta inayoondoka na mata yenyewe. Meshchersky, mtaalamu Mrusi wa mekanika, alilieleza hili mwaka 1897: kasi inayohesabiwa ni ile ya mata inayotoka ikipimwa kutoka kwenye gimba lenyewe, si kutoka kwako. Mata ikitoka sawasawa pande zote, misukumo hufutana, na kani inabaki kuwa tungamo la wakati huo mara mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa kasi).

Jibu la pili
Kuhusu Dunia: mvutano wa Jua unalegea polepole, lakini momenta ya mzunguko ya Dunia (tungamo lake mara kasi yake ya kuzunguka mara umbali wake kutoka kwenye Jua) haiguswi, hivyo ukubwa wa obiti ukizidishwa kwa tungamo la Jua haubadiliki. Mwanga na upepo wa Jua (chembe zinazotoka humo) kwa pamoja huondoa takriban sehemu 9 kati ya trilioni 100 za tungamo la Jua kila mwaka, nasi tunasogea nje kama sentimita 1.4. Kipindi cha mzunguko hurefuka kwa uwiano ulio maradufu ya huo, yaani karibu mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 6 kwa mwaka.

Muulizaji
Nashukuruni sana. Nimeifuta ile sehemu na hesabu imekubali. Je, kanuni hiyo ya ukubwa wa obiti mara tungamo inafaa hata nyota ikilipuka?

Jibu la pili
Hapana, inataka upungufu wa polepole. Nyota ikipoteza ghafla zaidi ya nusu ya tungamo lake, sayari iliyokuwa kwenye obiti ya duara hubaki na kasi yake ileile, ambayo sasa inatosha kuiponyosha kabisa.